Mizunguko Mitatu Juu ya Kipara

Tairi kipara kwenye mvua ni kesi. Askari wa usalama barabarani akikukuta nalo hapa Bukoba mwezi wa nne, hakuna maelezo utakayompa akakuelewa. Lakini Jumapili ya tarehe 15 Agosti 2021, kijana wa Afrika Kusini aitwaye Brad Binder alikuwa juu ya pikipiki yenye nguvu ya farasi zaidi ya 250, mbele kipara, nyuma kipara, akaikimbiza kwenye mvua ya kumwagika katika kiwanja cha Red Bull Ring, Austria, na hakukamatwa. Hata wenzake waliokuwa wamevaa matairi ya mvua hawakumkamata.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Nilianza kwa kuendesha bodaboda, mgongo uliponichosha nikashika spana. Gereji yangu ina televisheni ndogo na king'amuzi, na kila Jumapili kuna ugomvi na wateja wanaotaka mpira. Siku za MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki duniani, rimoti ninaishika mimi, na anayetaka mpira anajua njia ya kwenda kibanda umiza. Tangu mbio zile, swali ni lile lile: "Fundi, yule jamaa aliwezaje?" Jibu lake ni refu kuliko subira ya mtu anayengoja kuzibiwa pancha, kwa hiyo ninaliandika hapa.

Jibu linaanzia kwenye joto. Wengi tukiona mvua tunafikiria maji, na ni kweli maji yana utelezi wake. Ila pikipiki ya mashindano inaishi kwa moto. Ipoze, na nusu ya vitu vilivyofanya iitwe ya mashindano vinakufa.

Chukua tairi. Kipara cha tairi la MotoGP hakikuletwa na uzee, linazaliwa hivyo. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa, ambayo tangu mwaka 2016 ndiyo pekee inayotoa matairi ya daraja hili, hulitengeneza bila mfereji hata mmoja ili mpira wote uguse lami. Kabla ya mbio hufungwa blanketi la umeme likapashwa hadi kukaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Likishapata moto mpira unanata, na hapo ndipo mwendeshaji anathubutu kuilaza pikipiki kwenye kona zaidi ya nyuzi 60 kutoka wima, kiwiko kikikwaruza chini. Tairi hilo hilo likipoa linakuwa gumu, na tairi gumu halimsikilizi mtu. Ongeza maji juu yake, na kwa kuwa halina mfereji wa kuyapitisha, linaelea.

Tairi la mvua lina mpira laini zaidi na mifereji mipana. Mifereji ile inayatoa maji pembeni, hilo kila mtu analijua. Kazi yake ya pili wateja wangu huwa hawaijui: vile vibonge vya mpira kati ya mfereji na mfereji hujikunja kila vinapogusa lami, na kule kujikunja kunazalisha joto. Kwa hiyo tairi la mvua lina namna yake ya kujipasha hata barabara ikiwa baridi. Ubaya wake ni kwamba likikimbizwa kwenye lami kavu linajipasha kupita kiasi na kuanza kumeguka. Ukiona mwendeshaji yuko kwenye mstari mnyoofu anakwenda kutafuta pale penye majimaji badala ya kupakwepa, usidhani amechanganyikiwa. Analipoza tairi.

Siku hizi hakuna tairi la katikati. Ama kipara, ama la mvua. Na anga, kama tunavyojua sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria, halina habari na mpangilio huo. Linaweza kutoa manyunyu yasiyotosha kwa tairi moja na yanayozidi kwa jingine, dakika kumi nzima, halafu likaamua.

Sasa breki, maana hapa ndipo Binder alipoponea chupuchupu. Pikipiki yako ya Boxer ina breki ambazo zinashika asubuhi na baridi yake. Diski za mbele za pikipiki ya MotoGP ni za kaboni, na kaboni ni kama pasi ya mkaa: mpaka ipate moto, unasukuma tu chuma juu ya nguo. Chini ya nyuzi 200 hivi haziumi. Zikishafika juu ya hapo zinauma kwa nguvu ambayo diski ya chuma haiwezi kuifikia, na kazini hupita hata nyuzi 700. Ndiyo maana mvua ikinyesha mafundi huzifunika diski hizo kwa vifuniko vya kuhifadhi joto, au hurudi kwenye chuma. Binder hakuwa na kifuniko wala chuma. Pikipiki yake ilikuwa imeandaliwa kwa jua.

Na kiwanja chenyewe ni cha breki. Red Bull Ring iko Spielberg, kwenye vilima vya jimbo la Steiermark. Wakati ule mzunguko mmoja ulikuwa kilomita 4.318 na kona 10 tu. Kona chache maana yake ni mistari mirefu minyoofu, mwendo unaopita kilomita 300 kwa saa, halafu unafunga breki kwa nguvu zote kupanda kilima au kushuka. Mwaka mmoja kabla, tarehe 23 Agosti 2020, Mhispania Maverick Viñales aliishiwa breki hapo hapo akielekea kona ya kwanza, kwa sababu zilikuwa zimepata joto kupita kiasi. Aliruka kutoka kwenye pikipiki akiwa kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, akabiringika, akainuka. Pikipiki ilikwenda kugonga kizuizi na kuwaka moto. Kiwanja hicho hicho, kona hizo hizo, na mwaka uliofuata tatizo likawa kinyume chake: breki zimepoa hazitaki kushika.

Kuna kanuni moja lazima uijue. Zamani mvua ikianza katikati ya mbio kwenye daraja la juu, mbio zilisimamishwa, watu wakabadilisha matairi, wakaanza upya. Tangu mwaka 2005 hazisimamishwi. Wasimamizi hupunga bendera nyeupe, na hiyo ni ruhusa: anayetaka aingie kwenye njia ya magereji, ashuke pikipiki yake, apande nyingine iliyoandaliwa kwa mvua, atoke. Mara ya kwanza waendeshaji kubadilisha pikipiki kwa mtindo huo katikati ya mbio ilikuwa Phillip Island, Australia, mwaka 2006. Ni tamasha la ajabu. Mtu anaruka kutoka pikipiki moja hadi nyingine kama abiria anayehamia daladala iliyo tayari kuondoka, fundi mmoja anapokea ya zamani, mwingine ameishika mpya injini ikinguruma.

Gharama yake ni muda. Katika njia ya magereji mwendo una kikomo cha kilomita 60 kwa saa. Unapunguza kuingia, unatambaa, unahama, unatambaa tena kutoka, na waliobaki uwanjani wako kwenye mwendo wao. Fanya kwamba umepoteza nusu dakika. Ikiwa imebaki mizunguko kumi na mvua ni ya kweli, nusu dakika hiyo inarudi haraka. Ikiwa imebaki mitatu, aliyebaki na kipara anaweza kwenda taratibu kwa sekunde kumi kila mzunguko na bado mkafika mstarini pamoja. Hesabu hiyo haihitaji shule. Ugumu ni kwamba lazima uipige ukiwa kwenye mwendo wa kutisha, maji kwenye kioo cha helmeti, bila kujua mvua itafanya nini dakika tatu zijazo.

Tena unaipiga peke yako. Watazamaji waliozoea Formula 1 hudhani kuna bosi anaongea sikioni. Hakukuwa na kitu hicho. Mwendeshaji anasoma ubao ulionyanyuliwa ukutani anapopita, pamoja na ujumbe mfupi kwenye dashibodi. Mengine ni kichwa chake na makalio yake. Samahani kwa neno, lakini kila dereva wa bodaboda anajua kwamba utelezi unausikia kwanza pale unapokalia.

Mbio zilikuwa za mizunguko 28. Mbele walikuwa wakipokezana Francesco Bagnaia wa Ducati, Marc Márquez wa Honda na Fabio Quartararo wa Yamaha, na karibu nao Jorge Martín, Joan Mir aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, na Binder wa KTM. Matone yalipoanza kuongezeka mwishoni mwishoni, Jack Miller na Álex Rins waliingia magereji kabla ya wengine. Kundi la mbele likabaki linachunguzana. Hakuna aliyetaka kuingia peke yake, na hakuna aliyetaka kubaki peke yake. Mzunguko wa 25 ulipokuwa unaisha, likaamua kwa mkupuo: Bagnaia, Márquez, Quartararo, Martín na Mir wakakata kwenda kubadilisha. Binder, aliyekuwa nao pale pale, akanyoosha.

Gerejini kwangu kulikuwa na ukimya wa sekunde moja hivi, kisha mzee mmoja aliyekuja kutafuta plagi akasema, "Huyo kijana hakuona wenzake?" Aliwaona, mzee wangu. Ndiyo maana alinyoosha. Angekuwa wa mwisho kwenye foleni ya kuingia, angetoka wa mwisho, na asingekuwa na kitu cha kuwafanyia kwenye mizunguko iliyobaki. Akibaki, yeye ndiye anayeongoza mbio.

Mzunguko wa kwanza peke yake ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Lami bado ilikuwa na sehemu zisizolowa sana, na tairi lilikuwa na akiba ya joto. Akiba hiyo ndiyo iliyokuwa inaisha. Kipara kinapashwa na kazi: kufunga breki kwa nguvu, kulala kwenye kona, kupiga resi unapotoka. Kwenye mvua unafanya vyote vitatu kwa upole, kwa hiyo unapunguza chakula cha tairi lenyewe. Ukienda taratibu linapoa, likipoa unalazimika kwenda taratibu zaidi, na linazidi kupoa. Breki vivyo hivyo. Huwezi kuzibana ili zipate joto, kwa sababu ukizibana na zikashika ghafla gurudumu la mbele litafunga na umelala chini. Usipozibana hazitapata joto, na kona inakuja.

Mzunguko wa mwisho niliutazama nimesimama. Mvua sasa ilikuwa imefunguka kabisa. Binder alikuwa wima kwenye kona kama mtu aliyebeba trei ya mayai, mistari myeupe akiipita mbali, maana rangi ikilowa inateleza kuliko lami, na hilo hata hapa kwetu mnalijua kwenye vivuko vya waenda kwa miguu. Kona moja alishindwa kuipata, akatanuka nje ya mipaka ya njia. Baadaye alieleza kwamba matairi na breki zake za kaboni vilikuwa vimepoa kabisa na pikipiki haikutaka kusimama. Hilo la kutanuka lilimgharimu adhabu ya sekunde 3 kutoka kwa waamuzi. Alikuwa mbele kwa zaidi ya hizo, akabaki mshindi.

Nyuma yake ndiko kulikokuwa na vurugu. Bagnaia na Martín, sasa wakiwa na matairi ya mvua, waliwapita watu kwenye mzunguko ule wa mwisho kana kwamba wengine wameegesha, wakamaliza wa pili na wa tatu. Mir wa nne. Quartararo, aliyekuwa anaongoza msimamo wa ubingwa, akaishia wa saba, na ubingwa ule akaja kuutwaa hata hivyo. Márquez, mtu ambaye kwenye mvua ningeweka pesa yangu kwake bila kufikiri, alianguka baada ya kubadilisha pikipiki. Tairi sahihi halikumwokoa. Tairi jipya la mvua nalo linahitaji kupata moto kabla halijaaminiwa, na yeye alikuwa na haraka.

Sasa nije kwenye ubishi wa bahati. Binder hakuwa peke yake juu ya kipara. Aleix Espargaró wa Aprilia alibaki. Iker Lecuona, kijana wa timu nyingine ya KTM, alibaki. Valentino Rossi, aliyekuwa na miaka 42 na ambaye siku chache tu kabla, tarehe 5 Agosti, alitangaza kwamba anastaafu mwisho wa msimu, alibaki, na mdogo wake wa mama mmoja, Luca Marini, naye alibaki. Kwa dakika chache watu wa makamo duniani kote tulikuwa tumesimama kwenye viti, kwa sababu Rossi alikuwa akipigania nafasi ya jukwaani. Haikuwa. Marini alimaliza wa tano, Lecuona wa sita, Rossi wa nane, Espargaró wa kumi.

Watu watano, kamari moja, na mmoja tu ndiye aliyevuna ushindi. Kilichowatenganisha kwanza ni mahali walipokuwa wakati wa kuamua. Binder alikuwa na kundi la mbele, wengine walikuwa nyuma ya hapo, kwa hiyo akiba yake ya sekunde ilikuwa kubwa kabla hata hajaanza kuitumia. Akiba hiyo aliitafuta kwenye lami kavu, akipambana mizunguko zaidi ya ishirini kubaki na watu wenye kasi kuliko yeye. Cha pili ni mikono. Alipungua kasi kama wengine wote wa kipara, lakini alipungua kwa kiasi ambacho hesabu yake iliweza kukilipa.

Mikono hiyo ina historia. Binder alizaliwa Potchefstroom, na mwaka 2016 alikuwa bingwa wa dunia wa Moto3, daraja la pikipiki ndogo. Mwaka huo, huko Jerez, Hispania, alipelekwa mwisho kabisa wa mstari wa kuanzia kwa sababu ya programu ya injini isiyoruhusiwa. Alipita kila mtu akashinda, na huo ndio ulikuwa ushindi wake wa kwanza wa Grand Prix. Tarehe 9 Agosti 2020 akashinda Brno, Jamhuri ya Czech, katika mbio zake za tatu tu za MotoGP: wa kwanza kutoka Afrika Kusini kushinda daraja hilo, na wa kwanza kwa kampuni ya KTM. Kwa hiyo pale Spielberg, nchini kwao KTM, majukwaa yakiwa yamejaa rangi ya chungwa, aliyekuwa anateleza mbele yao hakuwa mgeni wa mambo magumu.

Watu huniuliza pia kama mvua ikizidi mbio zinaendelea tu. Haziendelei. Tarehe 26 Agosti 2018 mbio za Silverstone, Uingereza, zilifutwa kabisa, kwa sababu lami haikuweza kupitisha maji na yakawa yanatuama. Maji yaliyotuama hayana tairi. Hata lenye mifereji linapanda juu yake. Mwezi Machi 2022, huko Mandalika, Indonesia, mvua ilichelewesha mbio kwa zaidi ya saa moja, na mizunguko ilikuwa imeshapunguzwa kutoka 27 hadi 20 kwa sababu ya hali ya lami. Waandaaji walikuwa na mganga wao wa mvua, mwanamke, ambaye alitembea kwenye njia ya magereji na bakuli lake mbele ya kamera za dunia nzima. Mvua ilipungua, mbio zikafanyika, akashinda Mreno Miguel Oliveira, mwenzake Binder katika timu ile ile ya KTM, safari hii kila mmoja akiwa na tairi la mvua tangu mwanzo. Kama fundi sina maoni juu ya lile bakuli, ila nilishangaa kwamba hakuna mtu aliyemcheka mbele yake.

Vijana wa bodaboda nao wana swali lao, na hili nalijibu bila kutabasamu: hapana. Kipara chako si kile. Cha Binder kilikuwa kipya, laini, kimetoka kwenye moto, na uwanja hauna lori linalokuja upande wa pili. Chako ni mpira uliozeeka ukabaki ule mgumu wa ndani. Na dakika za kwanza za mvua barabarani kwetu ni mbaya kuliko saa nzima inayofuata, kwa sababu maji machache yanachanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika, kabla mvua yenyewe haijayaosha. Binder alikuwa amevaa suti ya ngozi yenye mfuko wa hewa unaojaa kabla hajagusa chini, jambo ambalo ni lazima kwenye MotoGP tangu 2018. Wewe umevaa koti la mtumba, na abiria wako hana helmeti.

Tangu siku ile mpaka msimu wa 2024 ulipofungwa, Binder hakuwa ameshinda tena mbio kamili za Jumapili. Alishinda zile fupi za Jumamosi mara mbili mwaka 2023, Argentina na Jerez. Wanaosema ushindi wa Austria ulikuwa wa bahati huitumia hoja hiyo kama msumari wa mwisho. Hoja yao ingenikaa vizuri zaidi kama wangenieleza bahati ya wale wanne wengine wa kipara iliishia kona ya ngapi.